Upanga wa Msiri na Wala-Shaba wa Lualaba

Tarehe 20 Desemba 1891, katika kijiji cha Munema karibu na Bunkeya, Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke wa Katanga, alisimama kwa ghadhabu akatia mkono kwenye mpini wa upanga. Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, akampiga risasi, akafa palepale. Ndivyo walivyoandika wageni waliomuua. Katika masimulizi hayo kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio: upanga wenyewe ulikuwa zawadi. Msiri alikuwa amepewa na Kapteni William Stairs, mkuu wa msafara aliokuwamo Bodson, katika siku zilezile za kubishana juu ya bendera ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji.

Mimi nina maradhi ya panga. Sizikusanyi, maana fedha hiyo sina wala mahali pa kuziweka. Ninachotafuta ni waliozifua. Unguja nimeonyeshwa panga za mababu zilizotundikwa ukutani juu ya makochi. Mutrah na Nizwa, huko Omani, nimekaa na wafua fedha tukinywa kahawa hadi ikatuchosha. Kila nikiuliza nani aliufua, najibiwa nasaba ya aliyeuvaa: huyu alikuwa liwali, yule alikwenda bara na misafara ya Hamed bin Muhammed. Mhunzi hatajwi. Basi kiangazi kilipokolea nikaona niende huko huko bara, kwenye nchi ambako panga hizo zilipelekwa na shaba ikatolewa: Katanga ya zamani, kusini mwa Kongo, ambayo upande wake wa magharibi leo ni Mkoa wa Lualaba, makao yake Kolwezi.

Niliingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mahali ambapo malori hujipanga mpaka upeo wa macho na madereva hufahamiana na mama ntilie wote wa foleni. Wengi niliozungumza nao walikuwa Watanzania. Huingia na salfa na chokaa ya viwandani, hutoka na shaba: mabamba ya mraba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mekundu hata yakiwa na vumbi. Kijana mmoja wa Mbeya alinifunulia kipembe cha turubai nione mzigo wake.

"Huu hauibwi kwa mkono, kaka," alisema. "Bamba moja tu linakuvunja kiuno."

Mzigo ulikuwa unakwenda bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo China. Utakuwa nini huko? Waya, labda, alisema, au simu. Halikuwa swali lake.

Lubumbashi, katika Makumbusho ya Taifa, nilisimama muda mrefu mbele ya misalaba. Haihusiani na kanisa. Ni shaba iliyomiminwa katika umbo la herufi X, na kwa karne nyingi ilikuwa mali na fedha ya nchi hii: kwa misalaba mtu alitoa mahari, alilipa faini, alinunua mbuzi. Mikubwa huwa na uzito wa kilo moja hivi, midogo kabisa ni gramu chache tu. Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ilichorwa kwenye bendera yake, na mwaka 1961 msalaba ukapigwa kwenye sarafu.

Habari yake ya kale imetoka makaburini. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Jacques Nenquin, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux, walichimba Sanga kando ya Ziwa Kisale, huko kaskazini ambako mto Lualaba unatandaza maji yake katika bonde la Upemba. Walikuta wafu wamelazwa na vyungu vizuri ajabu, mapambo ya shaba na zana za chuma. Katika makaburi ya baadaye, misalaba midogo imewekwa karibu na mikono au kiunoni. Baada yao Pierre de Maret alifukua, huko Kamilamba, kaburi la mtu aliyezikwa na fuawe la chuma kichwani pake, pamoja na shoka la heshima ambalo mpini wake umepigiliwa misumari ya chuma kama urembo. Mtu huyo alizikwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Waluba nao, katika habari za chimbuko la ufalme wao, humhesabu Kalala Ilunga na baba yake, mwindaji Mbidi Kiluwe, kuwa ndio walioleta utawala na ufuaji wa chuma pamoja, kana kwamba kimoja hakiji bila kingine. Nilitoka makumbushoni nikiwa na wivu kidogo. Sisi wa pwani upanga tumeutungia mashairi, aliyeufua tumemwacha nje.

Na hapa sina budi kueleza panga zetu zilikotoka, kwa sababu njiani watu waliniuliza hilo mara nyingi kuliko nilivyowauliza mimi habari za shaba.

Upanga wa Omani ulionyooka ni bapa refu jembamba, makali pande zote mbili, na mpini usio na kinga ya mkono. Katika ngoma ya razha wanaume huutikisa mpaka bapa likatetemeka lote, huurusha juu na kuudaka kwa mpini. Asiyejua hukaa mbali. Mwenziwe ni kitara, uliopinda. Mipini na ala ni kazi ya nyumbani: fedha ya Nizwa, ngozi iliyoshonwa kwa waya, na hapo mafundi wa Omani hawana wa kuwafundisha. Bapa ni habari nyingine. Panga nyingi za karne ya 18 na 19 zilivalishwa mabapa yaliyokuja kwa bahari, na mengi yalitoka Solingen, mji mdogo wa Ujerumani ambao ulikwisha kuwa wa wafua panga tangu Zama za Kati. Solingen waliuza mabapa matupu, bila mpini, na kila nchi ikayavisha kwa desturi yake: Sudani, Uhabeshi, Bara Arabu. Chapa ya mbwa mwitu anayekimbia, iliyoanza Passau kisha ikatwaliwa na Solingen, ilipendwa hata mafundi wa mbali wakaiiga, kwa hiyo chapa peke yake haithibitishi lolote. Mengine yalitoka India. Ukisema upanga ni wa Mwarabu, mara nyingi maana yake ni kwamba Mwarabu aliuvaa.

Zamani zaidi, kabla mabapa ya Ujerumani hayajatanda, sifa ilikuwa ya chuma cha mashariki. Katika karne ya 9 al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, alimwandikia Khalifa al-Mu'tasim risala nzima juu ya panga, akizipanga kwa asili ya chuma na mahali zilipofuliwa: za Yemen, za India, za Sarandib ambayo leo ni Sri Lanka, na nyinginezo. Feleji iliyosifiwa kuliko zote ilipikwa kusini mwa India na Sri Lanka. Chuma kilifungiwa pamoja na vitu vya mimea ndani ya chungu kidogo cha udongo, kikachomwa mpaka kikayeyuka na kunywa kaboni, kisha kikaachwa kipoe polepole. Likifuliwa kwa moto wa kiasi, bapa lake hutoa mawimbi ambayo macho hayachoki kuyafuata. Kuna jambo jingine la Sri Lanka ambalo kila nahodha wa jahazi atalifurahia: huko Samanalawewa wataalamu wamegundua tanuri za chuma za karne ya 7 hadi ya 11 zilizojengwa kwenye migongo ya vilima, bila mivukuto, zikipulizwa na upepo wa kusi. Upepo uliorudisha majahazi kutoka kwetu ndio uliopika chuma cha panga.

Na chuma hicho hakikuwa chote cha huko. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyekaa kwa mfalme wa Sicily, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilikuwa bora na kingi, kwamba wafanyabiashara walikipeleka India, na huko mafundi wakakigeuza panga zilizokuwa na sifa duniani. Malindi pia anaitaja kwa machimbo ya chuma. Maana yake, miaka karibu 900 iliyopita pwani ya Afrika ilikuwa ikipakia chuma ghafi na kupokea makali. Nilimsimulia jambo hili abiria mwenzangu ndani ya basi la Likasi, mwalimu wa shule, wakati malori ya shaba yakitupita moja baada ya jingine. Akanitazama, akacheka, akasema kwa Kifaransa kwamba basi hii barabara ni ya zamani.

Kutoka Likasi hadi Bunkeya lami inakuacha, na aliyebaki ni mwenye pikipiki. Vumbi la kiangazi huingia mpaka kwenye meno. Msitu wa miombo umepungua, makaa yamewekwa kando ya njia katika magunia marefu yaliyofungwa kwa majani juu. Halafu nchi inafunguka, na Bunkeya iko pale kwenye uwanda, kijiji kikubwa chenye miembe, ambacho mtu asiyejua habari zake angekipita bila kupunguza mwendo.

Aliyekijenga aliitwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa Msumbwa wa Unyamwezi, nchi ambayo leo iko magharibi mwa Tanzania, na alifuata shaba huku kabla ya mwanawe. Ngelengwa alikuja katikati ya karne ya 19 na watu wake walioitwa Wayeke, akapewa mahali na wenyeji, na kwa bunduki, ndoa na hila akawa bwana wa nchi yote iliyoitwa Garanganze. Msiri ndilo jina lililobaki. Misafara yake ilikwenda mashariki kuelekea Tabora na Zanzibar, na magharibi kuelekea Benguela kwenye Atlantiki. Ilibeba pembe, chumvi na shaba. Ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, na hakuna anayesimulia utukufu wa Bunkeya kwa haki akaliruka hilo. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika mwaka 1886 aliukuta mji mkubwa wenye wafanyabiashara kutoka pwani zote mbili.

Nilipelekwa kwanza kwa watu wa baraza la Mwami kujieleza, kama inavyopasa. Wazao wa Msiri bado wanatawala hapa kijadi, na kila tarehe 20 Desemba watu hukusanyika kumkumbuka. Kisha nikakalishwa kwa mzee mmoja wa Kiyeke, chini ya mwembe. Shikamoo yangu ilimchekesha; huku mkubwa unamwita papa, ukamwambia jambo, basi.

"Weye uko muntu ya Zanzibar?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, papa.

"Basi bankambo yako balifika hapa mbele yako. Balikuya na Stairs."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Stairs alikuwa Mkanada aliyetumikia jeshi la Waingereza, na safari yake ililipiwa na Kampuni ya Katanga kwa faida ya Mfalme Leopold wa Pili. Lakini msafara ulitengenezwa Zanzibar, na mabega yaliyoubeba na mikono iliyoshika bunduki zake mingi ilikuwa ya watu wa Unguja na Mrima. Mwaka mmoja kabla yake Alfred Sharpe alikuwa amekuja kwa niaba ya watu wa Cecil Rhodes, Msiri akamkatalia. Stairs aliyefika Desemba 1891 hakutaka kukataliwa. Alipandisha bendera ya Leopold kilimani bila idhini, Msiri akaondoka usiku kwenda Munema, na asubuhi wakatumwa Bodson na askari wamlete. Bodson naye hakurudi: Masuka, mtu wa Msiri, alimpiga risasi ya tumbo. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na Wayeke wanasimulia hadi leo kwamba wageni walikichukua wakaenda nacho. Stairs alikufa kwa homa Juni 1892 huko Chinde, kwenye mlango wa Zambezi, akiwa njiani kurudi.

Nilimuuliza mzee kuhusu upanga. Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sijalisoma popote.

"Ile haikuwa ya vita. Mufalme hapigane na upanga, iko na bantu ya kupigana. Mufalme anashika upanga sababu bantu baone ni yeye."

Nadhani ana haki. Ukisoma habari ile kama mtu wa pwani, aliyekulia penye wazee wanaokwenda Idi na jambia kiunoni na hawajawahi kulichomoa, mkono juu ya mpini unaweza kuwa tangazo la kufa kwa heshima, au ukumbusho tu kwa kijana mgeni kwamba anazungumza na nani. Bodson hakulelewa hivyo. Aliona silaha.

Lakini mzee hakutaka tukae sana kwenye mauti. Alitaka nijue kwamba Wayeke hawakuja na bunduki tu. Walikuja na ufundi: kuvuta waya. Shaba ya hapa, alisema, wenyeji walijua kuichimba, kuipika na kuimimina. Wayeke walileta chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa. Ufito wa shaba unachongwa ncha, unapenyezwa kwenye tundu, unakamatwa kwa koleo na kuvutwa kwa nguvu za wanaume. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka waya uwe mwembamba wa kuzungushiwa unyuzi wa mmea na kufanywa vikuku vya miguuni. Mkewe aliingia ndani akatoka na kimoja. Kilikuwa chembamba na chepesi, kimeng'aa upande mmoja tu, ule ulioguswa na ngozi ya watu. Nimeshika panga za fedha tupu ambazo hazikunigusa hivyo.

Waliopika shaba walikuwa na jina lao: wala-shaba. Jina hili lilienea Ulaya kwa makala ya Jean-Félix de Hemptinne, padri Mbenediktini aliyekuja kuwa mkuu wa Kanisa Katanga, ambaye aliwaita wazee waliokuwa bado wanaijua kazi hiyo wakamfanyia mbele ya macho yake, naye mwaka 1926 akachapisha aliyoyaona. "Kula shaba" maana yake ni kuwa mmoja wao, kupata riziki na cheo kwa shaba, kwa sababu haikuwa kazi ya kila mtu. Ilianza mavuno ya mtama yakishaingia, mvua zikiwa zimekwisha. Watu walihamia kwenye vilima vya madini. Wanawake na watoto waliokota na kupepeta malakiti, lile jiwe la kijani ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Wanaume walichoma makaa, wakabomoa vichuguu vya mchwa na kujenga kwa udongo wake tanuri fupi, wakaziwekea mabomba ya udongo na mivukuto ya ngozi. Wapikaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Moto huo ulikuwa na miiko yake na dawa zake, na bingwa aliyeuongoza alikuwa mganga kadiri alivyokuwa fundi. Shaba huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085 hivi za Selsiasi. Hawakuwa na kipimo. Walitazama rangi ya ulimi wa moto. Iliyotoka mara ya kwanza ilikuwa chafu, ikayeyushwa tena, ndipo ikamiminwa kwenye kalibu za mchanga, zenye umbo la msalaba.

Msiri alipotawala aliishika biashara hiyo mkononi. Hata kabla hajafika kileleni, shaba ya Katanga ilikuwa ikitoka kwa mizigo mikubwa: Livingstone, katika shajara zake za mwisho, anaandika habari za Said bin Habib, mfanyabiashara Mwarabu, kuwa na frasila 150 za pembe na frasila 300 za shaba. Frasila 300 ni karibu tani tano, na zote zilikwenda juu ya mabega ya watu.

Barabara kuu ilinirudisha magharibi kupitia Fungurume. Upande wa kaskazini kuna vilima ambavyo ungevijua kwa macho tu, kwa sababu miti haioti juu yake. Udongo una shaba nyingi mno, na kinachostahimili ni majani na maua machache yaliyozoea sumu hiyo. Wala-shaba waliyasoma maua hayo kama sisi tunavyosoma kibao cha duka. Wanajiolojia wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, hawakuhitaji kugundua mengi. Walionyeshwa mashimo ya zamani wakapanua. Mali hiyo ilitaifishwa chini ya Rais Mobutu ikawa Gécamines, na sasa imegawanywa kwa ubia: Glencore wako Kamoto, CMOC ya China wako Tenke Fungurume, na magharibi mwa Kolwezi kuna Kamoa-Kakula, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 2021.

Kolwezi wenyewe ni mji wa mashimo. Nasema hivi bila dharau. Ulijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi, na mgodi umekuwa ukiula tangu hapo. Kasulo, mtaa wa watu, ulifumuka mwaka 2014 baada ya mkazi mmoja kukuta kobalti chini ya nyumba yake. Majirani wakachimba vyumbani, jikoni, chooni, na miaka mitatu baadaye sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na kampuni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka nchi hii, na wachimbaji wadogo wa hapa huingia ardhini kwa tochi ya kichwani, kamba, nyundo na tindo. Nilikula bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, na baadhi yao, vijana wenye vumbi la kijivu kwenye kope, nikawauliza tindo zao zinatoka wapi. Wakanielekeza.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati yaliyotoboka, kando ya barabara ya magari makubwa. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Mvukuto wake sasa ni feni ya umeme, na umeme ukikatika mwanawe huzungusha gurudumu la baiskeli. Fuawe lilikuwa kipande cha reli. Kila kitu kingine kilitoka kwenye migodi na malori: nondo za zege, mitaimbo iliyovunjika, springi za bapa za magari. Alikuwa anatengeneza tindo za wachimbaji na kunoa zilizochoka, na foleni ilikuwepo, vijana wanne wamekaa juu ya matairi.

Nilimwambia natoka Zanzibar na natafuta habari za panga. Hakushangaa, Kolwezi watu hutafuta mengi. Akainua springi ya lori iliyokatwa nusu.

"Hii inatoka mu kamio. Iko na nguvu, lakini inajikunja. Ukipiga muzuri, haivunjike."

Ndiyo sifa ileile ya bapa la razha: lijikunje lirudi. Akanionyesha namna anavyotia maji. Kipande kilikuwa chekundu cha machungwa. Alikizamisha ncha tu ndani ya debe, akakitoa, akaisugua haraka kwa kipande cha tofali mpaka chuma cheupe kikaonekana. Kisha akangoja. Joto lililobaki nyuma lilipanda kuelekea nchani, na rangi zikaanza kutembea juu ya chuma: njano kama majani makavu, kahawia, halafu zambarau. Ilipofika zambarau alizamisha chote. Ikiachwa njano, alisema, tindo itapasuka kwenye jiwe na kumtoboa mtu jicho. Ikifika buluu ya mbali, itajikunja kama kijiko. Nani alimfundisha? Mjomba wake, ambaye alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akifua majembe upande wa Lubudi kabla ya kwenda kufanya kazi Union Minière. Akanitajia majina yao yote matatu, la kwake likiwa la mwisho. Sikuwa nimemuuliza.

Nikamuuliza kama angeweza kunifulia upanga, mrefu, ulionyooka, makali pande mbili.

Aliipima springi kwa macho. Urefu ulikuwepo. "Ninaweza. Lakini nani atalipa? Siku tatu sitafanya kazi ya hawa." Akaonyesha kwa kidevu vijana waliokaa kwenye matairi, mmoja wao akiwa ameanza kugonga saa ya simu yake kwa kidole. Akataja bei, kwa dola, na aliposoma uso wangu akaipunguza kidogo, halafu akasema kwamba mpini hafanyi, wa mpini nitafute mwingine. Tulipatana juu ya tindo mbili, kwa faranga. Aliniwekea kando zipoe, akamwita kijana aliyefuata.